Ngeli ya Huyu wa Manjano

Kabati la tatu, droo ya chini, upande wa Kuvu:
kiboksi cha kiberiti, pamba,
karatasi iliyogeuka rangi ya chai
na mwandiko wa marehemu Mahfudhi, mkusanyaji:
*Samaili. Gogo la mtende, kando ya falaji.
Mvua siku tatu. Ukungu wa manjano. Umeota usiku.*

Umeota.
Nimeisoma hiyo *u* mara nyingi kuliko jina la Kilatini.

Kazi yangu ni kuhamisha. Barua imetoka juu:
vyote vilivyodhaniwa kuvu, na si kuvu,
vitolewe, vitafutiwe kwao.
Wale waozesha viazi wamekwenda kwa mwani wa kahawia,
ndugu zao wa damu, kama ingekuwapo damu.
Wale wa nyavu, wakaao kwenye majani ya mikoko ya Qurum,
wamewafuata.
Amebaki huyu.

Basi Ijumaa nikaenda Samaili mwenyewe,
shambani kwa shangazi Thuwaiba, mzaliwa wa Wete,
ambaye mpaka leo huiambia mitende, kwa Kiswahili,
inywe taratibu.
Gogo lilikuwapo, laini kama mkate wa kumimina.
Na juu yake: manjano ya kiini cha yai,
mishipa kwa mishipa, upana wa kiganja.
Nikachomeka kijiti cha meno mbele yake.
Nikaswali. Nikala wali na papa mkavu.
Nikarudi: kijiti ki ndani.
Alasiri, kijiti ki nyuma.

Shangazi akachuchumaa, akashika magoti.
"Huyu anakwenda wapi?"

Huyu. Anakwenda.
Hajasoma uainishaji, la sita hakulimaliza;
ulimi wake tu umekataa.
Kwetu mti umeota, jiwe limelala,
lakini chenye kujipeleka chenyewe hupewa *a*,
hata kiwe kidogo kama chawa.
Sema "kipepeo kinaruka" mbele ya watoto
uone watakavyokucheka.

Nikamweleza: ni chembe moja, Shangazi.
Moja tu, kubwa hivyo, viini maelfu ndani
na hakuna ukuta baina yao, nyumba isiyo na vyumba.
Kuvu hunyonya; huyu humeza.
Ukoo wake ni wa amiba.

"Mbona walimwita kuvu?"

Walimkuta siku ya kuzaa.
Chakula kikimwishia husimama, hukauka,
hutoa vumbi la mbegu kama uyoga mtupu.
Wenye madaftari wakapita siku hiyo,
wakamwona ametulia, wakaandika.

Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.
"Mimi nilishuka Sibu, mwaka wa sabini na nne,
nina homa, Kiarabu sina,
nimekaa juu ya begi, kimya.
Karani akaniandika bubu.
Miaka minne, mwanangu! Kila ofisi wananiongelesha kwa mikono,
nami nawajibu kwa kelele, na hawaamini,
wanatazama karatasi."

Nikarudi mjini na kipande cha gogo kwenye boksi la biskuti.
Njiani, Fanja, nilisimama mara mbili kumtazama.

Leo Maathiri anaandika kibandiko kipya cha Kiarabu.
Ananiuliza: dume au jike?
Lugha yake haina mlango wa tatu.
Namwambia huyu ana namna za kuoana
kuliko herufi zako zote.
Anaandika dume, kwa haraka, maana chai inapoa.

Mimi sikufuta *umeota* ya Mahfudhi.
Aliona alichokiona, asubuhi ile, baada ya mvua.
Nimegeuza karatasi, nikaandika nyuma kwa penseli:
*Ametambaa. Vidole viwili, kutoka adhuhuri hadi alasiri.
Shahidi: Thuwaiba, asiye bubu.*

Droo mpya ni pana, inanuka rangi ya mbao.
Jumapili wanakuja wakaguzi,
na sijui nitawaambia nini
kuhusu kijiti cha meno kilichomo kwenye orodha.